Waliosema Mto Umekufa

Gwantwa alizaliwa Isongole, mahali ambapo maji hayanyamazi. Kwao Ileje mtoto hulala akiusikia mto na kuamka akiusikia, na mwenye kiu huinama tu kando ya njia akachota maji baridi ya kuumiza meno. Alikuwa binti mkubwa tayari, muuza maharage katika soko la Mlowo, alipokutana na Enoka aliyekuwa ameleta mpunga kutoka bondeni. Wakapendana, mahari ikaenda, kanisa likajaa. Baada ya harusi Enoka akampandisha kwenye Fuso la mpunga lililokuwa likirudi tupu, akamshusha Nantula, kijijini kwao.

Nantula iko chini ya milima, kule ardhi inakotelemka kuelekea Ziwa Rukwa. Huko joto halikungoji ufike, linakupokea njiani. Miti ina miiba, ng'ombe wana mbavu, na vumbi lina rangi ya majivu. Gwantwa alijipangusa uso kwa ncha ya khanga, akamgeukia mumewe.

"Mto wenu uko wapi? Si uliniambia mnakaa mtoni?"

"Namwela ndio huu," Enoka akajibu. "Umeukanyaga."

Gwantwa akatazama chini. Alikuwa amesimama kwenye mchanga mweupe, mpana kama uwanja wa mpira, uliojipinda kati ya kingo mbili ndefu hadi ukapotea machoni. Hapakuwa na hata tone. Palikuwa na kinyesi cha ng'ombe, nyayo za nyani, na katikati palikuwa na shimo. Ndani ya shimo hilo kilionekana kichwa cha mwanamke mzee kilichofungwa kitambaa cha kijani.

Huyo ndiye Bibi Rozi, mama mkwe wake. Alipanda kutoka shimoni akiwa na kata ya kibuyu, akampa mkwe mpya kwa mikono miwili. "Karibu Namwela, mwanangu. Kunywa."

Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na uvuguvugu wa mwili wa mtu, na mdudu mweusi alikuwa akiogelea ndani yake kwa raha zake. Gwantwa alifumba macho, akameza. Kisha akageuka, akatapika mbele ya wakwe, mashemeji na mzee wa kanisa aliyekuja kuwaombea.

Jina likamshika hapo hapo. Wakamwita Bibi Harusi Kutapika, na hata alipomzaa mwanawe Luka na kupata heshima ya kuitwa Mama Luka, wapo waliolitumia lile la kwanza akishawapa kisogo.

Mwaka ule wa kwanza kila kitu kilimtia kinyaa. Madimbwi ya mwisho yalipokauka, wanaume walilala kifudifudi kwenye tope jeusi, wakazamisha mikono mpaka mabegani na kuvuta kambare waliojichimbia humo kungojea mvua. Samaki walitoka hai, na masharubu yao, wakiteleza kwa ute kama kamasi. "Samaki gani huyu anafukuliwa kama maiti?" alimuuliza Enoka, akakataa kumpika. Wanawake walipokwenda kwenye kona ya mto kukwangua udongo ulioota weupe, wakaumwagia maji ndani ya chungu chenye matundu, wakayakinga yaliyochuruzika na kuyachemsha mpaka ikabaki chumvi ya kijivu, Gwantwa alisimama pembeni amekunja pua. Kwao, alisema, chumvi inanunuliwa dukani, watu hawalambi ardhi.

Bibi Rozi akacheka mpaka akashika mbavu. "Bibi yako aliilamba, mwanangu. Kabla ya barabara, mama zetu walibeba chumvi hii, imefungwa kwenye majani, wakapanda milima mpaka kwenu kwa Wandali na Walambya, wakarudi na maharage na majembe. Mifupa yako imejengwa na ardhi hii unayoitemea mate."

Gwantwa hakuamini. Lakini alipokwenda kwao kumwonyesha mtoto, alimuuliza bibi yake mzaa baba, ambaye wakati huo hakuwa na jino hata moja. Kikongwe akainua uso. "Chumvi ya bondeni? Ile ya kijivu? Ile ndiyo ilikuwa chumvi. Hii ya siku hizi ni chokaa."

Tangu hapo Gwantwa hakumfuata mama mkwe mtoni kwa ndoo tu, alimfuata na masikio. Namwela haijafa, Bibi Rozi alimwambia, imejifunika. Maji hushuka milimani wakati wa masika, na mvua ikikatika hulala chini ya mchanga, yanatembea taratibu gizani kama mtu aendaye haja bila kutaka kuwaamsha wenzake. Anayejua huyafuata. Mkuyu ukikaa na majani mabichi mwezi wa kumi, maji yako karibu. Zamani, tembo walipokuwa bado wanapita, walichimba kwa miguu yao, na watu wakaja nyuma yao kuteka kwenye mashimo yao. Mamba naye aliingia kwenye pango la ukingoni akalala humo kiangazi kizima bila kula wala kunywa, kama mlokole aliyefunga, na wenyeji walijua pango lipi ni lake na hawakumsumbua.

Na shimo la maji lilikuwa na heshima zake. Hukuzamisha sufuria yenye masizi. Hukufua nguo karibu. Ulisuka tenga la vijiti ukalizungusha ndani ili mchanga usiporomoke, ukayamwaga maji ya kwanza, ukangoja yajae tena. Ukishateka ulifunika kwa miiba. Kando yake ulichimba kashimo ka nyani, maana nyani asiye na chake huvunja chako. Na mgeni akitokea, hata kama ni mtu mliyegombana naye sokoni, kata ya kwanza ilikuwa yake.

Miaka ikapita. Gwantwa alikula kambare, kwanza kwa kuziba pua, kisha kwa kuomba kichwa. Alijua kuchemsha chumvi. Luka akakua, akaenda Tunduma kufanya vibarua vya mpakani. Mtu angemwona Gwantwa shimoni mapema asubuhi, na kitambaa chake kichwani, asingejua kwamba hakuzaliwa pale.

Mwaka juzi, kiangazi, kampuni moja ya ujenzi ilipiga kambi juu ya mteremko ili kutengeneza barabara. Watu wengi wakikaa mahali pamoja, vyoo hujaa. Tajiri mmoja wa Chapwa, pale Tunduma, akapewa kazi ya kuvinyonya. Alileta gari lenye tangi la buluu, nyuma limeandikwa MUNGU NI MWEMA. Mzigo ule ulitakiwa kupandishwa mjini ukamwagwe panapostahili. Lakini mlima ni mrefu, na gari halinyweshwi dizeli bure.

Watu wa Nantula waliliona likipita saa za mchana, jua linapokuwa utosini na kila mwenye akili yuko kivulini. Walidhani linafuata mchanga au linatafuta njia. Mchana mmoja wa Septemba Bibi Rozi alikuwa amelala na tumbo lililokuwa likimsumbua tangu Agosti, na mtungi ukaisha. Gwantwa akachukua ndoo, akateremka mtoni jua likiwaka.

Harufu ilimpata kabla hajaona kitu. Haikuwa harufu ya ng'ombe, ambayo huizoea mtu hata akaipenda. Hii ilikuwa ya watu. Ilimwingia mdomoni, ikakaa ulimini kama mafuta yaliyochacha. Alipofika ukingoni aliona lile gari limesimama kwenye kivuko, na kutoka tumboni mwake bomba nene limelala mchangani, likitapika. Dereva alikuwa ameketi chini ya mkwaju. Alikuwa anakula mkate na soda.

Lakini kilichomshinda Gwantwa hakikuwa kile kilichotoka. Ni vile mchanga ulivyokipokea. Hapakuwa na dimbwi. Namwela ilikunywa, kama inavyokunywa kila kitu, kwa adabu, bila kuuliza, na juu yakabaki makaratasi, vitambaa vya wanawake, na nzi waliong'aa kama shanga za kijani. Na upande wa chini, mahali mtu angeweza kutupa jiwe likafika, yalikuwepo mashimo ya maji ya Nantula yamefunikwa vizuri kwa miiba.

"Kijana," aliita, na sauti yake mwenyewe aliisikia nyembamba. "Unafanya nini hapo?"

"Namwaga mzigo, mama. Shikamoo."

"Hapo ni mtoni."

Dereva akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyeambiwa kuna simba. "Mtoni wapi, mama yangu? Huu mto ulishakufa. Mchanga mtupu."

"Na unakula?"

"Nimezoea." Akamega mkate.

"Nani kakuruhusu kumwaga hapa?"

"Mwenyekiti wenu. Tangu Julai tunakuja."

Julai. Gwantwa alisimama na ndoo yake. Julai, kisha Agosti, Bibi Rozi akijikunja kitandani, watoto wa jirani wakikimbilia vichakani, na yeye mwenyewe akichemsha chai, akipika uji, akisukutua mdomo kila asubuhi. Alitamani kutapika. Angepata nafuu. Lakini safari hii hakikutoka kitu. Alihisi kama kile kinyaa kimekuwa kiungo cha mwili wake, hakuna mahali pa kukitolea.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Watson, kaka yake Enoka, mtoto wa kwanza wa Bibi Rozi. Gwantwa alimkuta barazani anakula ugali, amekunja mikono ya shati. Pikipiki mpya ilikuwa imeegeshwa mbele yake, kiti bado kimefunikwa nailoni.

"Karibu chakula, shemeji."

"Sikai. Kuna gari linamwaga vyoo vya watu kwenye Namwela. Dereva anasema umemruhusu."

Watson alitafuna, akameza. "Unajua shemeji, mchanga unachuja. Hilo hata wataalamu wanalisema. Na ni kwa muda tu, barabara ikiisha wanaondoka. Tunataka barabara au hatutaki?"

"Shemeji, wanamwaga juu ya mashimo yetu ya maji."

"Mvua itasafisha."

Gwantwa akapitisha macho nyuma yake, ndani ya nyumba, kupitia mlango ulioachwa wazi. Katoni za maji ya chupa zilikuwa zimepangwa ukutani mpaka kufika dirishani.

"Na wewe unakunywa ya wapi?"

"Hayo ni ya wageni," Watson akasema haraka mno.

Ugali ulikuwa umeng'ang'ania vidoleni mwake, na alikuwa akiulamba kidole baada ya kidole wakati akisema. Gwantwa aliviangalia vile vidole. Akafikiri, mama yako mzazi yuko kitandani, tumbo limejaa mavi ya watu asiowajua, na wewe unalamba vidole. Alitaka kulisema. Lakini mtu huwezi kumtukana shemeji mkubwa mbele ya chakula chake. Akaondoka, na mate yaliyomjaa mdomoni hakuyameza mpaka alipofika njiani.

Nyumbani alimweleza Bibi Rozi taratibu, akitafuta maneno ya kupunguza makali. Hakuyapata. Bibi kizee alisikiliza, uso ukutani. Baadaye akasema, "Usinipe tena maji hayo."

Watson alipopata habari kwamba mama anaumwa na anajua, alituma katoni ya maji ya chupa, na Bibi Rozi akayanywa. Mwanamke yule aliyezaliwa ukingoni mwa Namwela, aliyejua ladha ya maji ya kila kona, yapi yana chumvi kidogo na yapi yana utamu wa mizizi ya mkuyu, sasa alikaa kitandani akishika chupa ya plastiki kwa mikono miwili kama mtoto.

"Yana ladha ya ndoo mpya," alisema. "Lakini haya hayana mtu ndani yake."

Neno hilo ndilo lililomtoa Gwantwa ndani. Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba, si kwa wanaume, kwa wanawake wanaoteka. Hakuwahutubia. Aliwapeleka mmoja mmoja kivukoni, akawasimamisha, akawaacha wanuse. Wakarudi kuchukua mapanga. Walikata matawi ya migunga yenye miiba mirefu kama vidole, wakayarundika kwenye mteremko wa kuingilia mtoni, wakaketi upande unakotoka upepo.

Gari lilikuja na tangi limejaa. Dereva alipoiona miiba alikata kona, akajaribu kupita pembeni, kwenye mchanga laini ambao hata ng'ombe wa Nantula huukwepa. Magurudumu ya nyuma yakazama. Akakanyaga mafuta, yakazama zaidi. Alishuka, akalizunguka gari lake, akawaona wanawake ukingoni.

"Mama zangu, nisaidieni na majembe!"

"Tutakuchimbia," Gwantwa akamjibu. "Ukikubali kurudi na mzigo wako ulikoutoa."

"Likiwa zito hivi halitoki. Acha nipunguze kidogo tu."

Akaenda nyuma kufungua koki. Gwantwa hakufikiri. Aliteremka mbio, akaliinua lile bomba, akalikunja chini yake, akaketi juu yake. Wengine wakamfuata. Koki ilikuwa imeshaanza kuvuja. Kitu cha moto, chepesi, kikamlowanisha khanga, kikateremka mguuni, kikaingia kwenye kandambili kati ya vidole. Nzi wakaja. Mwanamke aliyeketi karibu naye alianza kulia kwa kichefuchefu, machozi matupu, lakini hakunyanyuka. Gwantwa alitazama mbele, akapumua kwa mdomo, na kila pumzi ilikuwa kama kutafuna.

Dereva akapiga simu. Jioni, jua likiwa limelegea, tajiri wa Chapwa akafika na trekta la kukodi. Alikuwa mtu nadhifu, viatu vimechongoka, leso puani.

"Mama, hebu tutoke hapa tukaongee kistaarabu. Hapa pananuka."

"Ndiyo maana tumekuita," Gwantwa akasema.

Vijana wa kijiji walikuwa wamekwisha kupiga picha kwa simu zao. Picha zikazunguka bonde zima, zikapanda mlima, zikafika kwa wakubwa wa kampuni ile ya ujenzi, ambao hawakutaka jina lao lionekane nyuma ya tangi la buluu. Trekta lilivuta, gari likatoka, likapanda na mzigo wake wote, na tangu siku ile halikushuka tena Nantula. Gwantwa aliichoma moto ile khanga. Alioga kwa majivu, kisha kwa sabuni, kisha kwa majivu tena. Kwa siku kadhaa akipeleka tonge mdomoni aliisikia ile harufu kwenye vidole vyake, na Enoka alipotaka kumshika mkono alimwambia, "Ngoja kwanza."

Mchanga uliochafuka waliuzoa wanawake wenyewe, kwa majembe na karai, wakaufukia kwenye shimo refu mbali na mto. Wanaume walikaa ukingoni wakisema kazi ile inataka mashine.

"Haya, yamekwisha," Enoka akasema siku walipomaliza. "Pumzika sasa."

"Tulichozoa ni cha juu. Kilichozama kinatembea. Kuna watu chini huko."

"Si watu wetu hao. Na mvua itasafisha."

Alisema maneno yale yale ya kaka yake, na kwa sauti ile ile. Gwantwa akamtazama mwanaume aliyelala naye miaka yote, mpole, asiyempiga wala kulewa, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi walivyofanana midomo.

Akafunga viazi kwenye kitambaa, akaufuata mto kwa miguu. Hakuwahi kufika huko chini. Namwela ilipanuka kadiri alivyokwenda, kingo zikawa ndefu na nyekundu, zimetobolewa matundu mamia kwa mamia ambamo ndege waitwao keremkerem waliingia na kutoka na nyuki midomoni. Mahali pamoja alikuta pango la mamba, na mbele yake mburuzo wa mkia mchangani. Akapita mbali, kwa heshima. Karibu na machweo aliona moshi, na kijiji cha Msangala, na mtoni mwanamke wa rika lake akiteka maji.

Mwanamke yule alikuwa anaitwa Jenista. Alipomwona mgeni hakuuliza lolote, aliinuka na kata ya kwanza akampa. Gwantwa akaipokea. Hakuweza kunywa.

"Dada, nisamehe. Nimetoka Nantula. Nimekuja kuwaambieni mchemshe maji, mchimbe mbali. Kuna gari limemwaga vyoo kwetu, na huko chini ya mchanga yanakuja kwenu."

Jenista alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili. "Umetembea kutwa nzima kuja kutuambia mavi yanakuja?"

"Ndiyo."

"Njoo nikuonyeshe kitu."

Alimpeleka kwenye kona ya mto, pale mafuriko yanapopiga ukingo na kuacha yalichobeba. Gwantwa aliona kilima. Mafuvu ya ng'ombe na ngozi zilizokauka. Pampasi zilizovimba, zimepasuka, nyeupe kama uyoga. Tairi, chupa, madumu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, mengine bado yana masalia ya kunata. Na katikati kiroba kilichochanika, maandishi yake yakisomeka vizuri: KIKUNDI CHA MPUNGA NANTULA. Gwantwa aliyajua maandishi hayo. Yeye na wenzake ndio walioshona viroba hivyo, na vikichakaa walivitupa mtoni, kila mwaka, kwa sababu mvua husafisha.

"Ng'ombe wetu walikunywa penye madumu hayo mwaka juzi, wakafa," Jenista akasema. "Hatukuja kwenu. Tungekuja kusema nini? Mngesema mto ni wa Mungu. Kumbe kinyaa mmekijua leo, kilipotoka kwa wengine."

Hapo ndipo Gwantwa alipotapika. Kilitoka cha siku ile na cha siku zote zilizopita, akiwa amepiga magoti, mkono mmoja umeshika kiroba chake mwenyewe. Jenista akamshika paji la uso, kama ashikwavyo mtoto mgonjwa.

"Tapika," alimwambia. "Mimi nilimaliza zamani."

Usiku ule Gwantwa alilala kwake. Walizungumza sana, na waligundua kwamba mama yake Jenista naye alibeba chumvi milimani, na kwamba Msangala wana heshima zile zile za shimo, tenga, miiba na kashimo ka nyani. Asubuhi Gwantwa alikunywa maji yao yaliyochemshwa.

Aliporudi Nantula, alisimama kwenye mkutano wa kijiji, akaeleza alichokiona kwenye kona ile. Wakati alipokuwa akilisema gari la tajiri, watu walimpigia makofi. Alipofika kwenye madumu na viroba, walinyamaza. Mwanaume mmoja akauliza ni lini Bibi Harusi Kutapika alianza kuwafundisha watu mto wao. Watu wakacheka. Watson akacheka pia, kidogo, kwa ustaarabu, kisha akafunga mkutano kwa sala. Uchaguzi ulipokuja walimrudisha. Alisema yeye ndiye aliyelifukuza gari, na wapo waliokubali, hata miongoni mwa walioshika majembe.

Gwantwa anamwandalia chakula akija, kwa kuwa ni shemeji. Lakini yeye, nyumbani kwa Watson hali kitu. Hilo hakumwambia mtu, lakini Watson analijua, na mkewe analijua.

Bibi Rozi alipona tumbo, ila mtoni hakushuka tena. Wanawake wapatao nusu ya wale wa kwanza walichimba shimo la taka juu ya kijiji, wakaanza kutoboa madumu ya dawa na kuyafukia. Wengine waliendelea kutupa palepale mtoni, mchana kweupe, wakimwangalia usoni. Kabla ya mvua Gwantwa alishuka Msangala na wenzake wachache, wakaizoa ile kona pamoja na kina Jenista, pampasi kwa pampasi, wakiwa wamefunga pua kwa vitambaa. Haikuwa kazi ya kuimbiwa nyimbo. Waliifanya kwa kulaani.

Namwela iliteremka baada ya Krismasi. Kwanza upepo uligeuka ukaleta harufu ya udongo uliolowa, kisha ukasikika mvumo kama Fuso linalopanda mlima kwa mbali, na watu wakakimbilia ukingoni. Maji yalikuja yakitambaa, kichwa chake ni povu la kahawia lililobeba nyasi, magogo, na nge waliopanda juu ya vijiti. Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakanyunyiza unga kidogo, mzee wa kanisa akaangalia pembeni. Gwantwa hakupiga kigelegele. Alikuwa anatazama povu. Kisha akatoa simu, akampigia Jenista.

"Yameshuka."

"Yana nini?"

"Povu, magogo, nge. Ng'ombe mmoja mfu, sijui wa nani. Na pampasi."

"Nyingi?"

"Nilizoziona ni chache."

Nyuma ya sauti ya Jenista, Gwantwa alisikia watoto na mbuzi.

"Mwaka jana zilifunika maji," Jenista akasema. "Haya. Tunayasubiri."

Gwantwa akakata simu. Pembeni yake mama mmoja kijana, jirani yake, alikuwa amekuja na kitu kimefungwa kwenye mfuko mweusi, mkono umeanza kuinuka kukirusha. Walitazamana. Mkono ukabaki pale ulipo, katikati, na wote wawili waliisikia harufu.

"Rudi nacho," Gwantwa akamwambia. "Nitakuonyesha shimo lilipo."